Wasia wa Mchunga Kondoo

Mwingereza atakaye kuwajua wazee wake wa kale huianza kazi hiyo kwa wepesi na kuiendeleza kwa taabu. Habari za baba na babu huzipata kwa watu walio hai. Baba wa babu, na baba yake huyo pia, huwapata katika vitabu vya serikali. Maana tangu tarehe 1 Julai 1837 uzazi, ndoa na vifo vimekuwa vikiandikishwa katika nchi nzima, na tangu mwaka 1841 hesabu ya watu imekuwa ikitaja majina. Nyuma ya miaka hiyo serikali ilikuwa haina habari na mtu mdogo. Hapo mtafutaji hukabiliwa na ukuta, na katika ukuta huo mna milango miwili mikubwa ambayo watu wa kawaida walipata kupita: daftari la parokia, yaani kitabu cha kanisa cha ubatizo, ndoa na maziko, na wasia.

Hakuna hata mmoja katika milango hiyo uliotengenezwa kwa ajili yake. Daftari lilianzishwa kwa amri ya dola. Mwezi Septemba 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliagiza kwamba kila parokia iwe na kitabu, na kila Jumapili kasisi aandike humo, mbele ya mzee wa kanisa, watu waliobatizwa, waliooana na waliozikwa katika juma lililopita. Kitabu hicho kilindwe katika sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa kasisi na wa pili kwa wazee wa kanisa. Watu wakanong'ona kwamba mfalme anatafuta njia ya kutoza kodi juu ya mtoto azaliwaye na maiti azikwaye. Mnong'ono huo haukuwa wa kipumbavu. Uliwahi mno tu. Mwaka 1694 Bunge lilipohitaji fedha za vita dhidi ya Ufaransa, lilitoza shilingi 2 kwa mtoto, shilingi 2 na peni 6 kwa ndoa, na shilingi 4 kwa maziko. Na mwaka 1783 ikaja kodi nyingine ya peni 3 kwa kila jina liandikwalo, mafukara wakisamehewa. Baadhi ya makasisi wenye huruma wakawaona mafukara wengi zaidi kuliko walivyowaona jana yake. Kwa hiyo mtafutaji akutaye jina la babu yake katika mwaka 1785 limetiwa alama ya ufukara asiharakishe kulia. Yamkini babu huyo alikuwa na nyumba, mbuzi wawili na kasisi mwema.

Vitabu vya kwanza vilikuwa karatasi hafifu. Mwaka 1598 iliamriwa vinakiliwe katika ngozi tangu mwanzo wake, na hasa tangu mwaka wa kwanza wa enzi ya Malkia Elizabeth, ndio 1558. Maneno hayo ya mwisho yaliwapa waandishi wavivu ruhusa waliyoitamani: wengi walianza kunakili mwaka 1558, na miaka 20 iliyotangulia ikaachwa kwa panya na unyevu. Katika amri hiyo hiyo palikuwa na jambo jema, kwamba kila mwaka nakala ipelekwe kwa askofu. Na mara nyingi ambapo kitabu cha kijijini kimeungua au kimeoza, nakala ya askofu ndiyo iliyookoa majina. Lakini kati ya mwaka 1642, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, na 1660, mfalme aliporejeshwa, parokia nyingi zina pengo ambalo hakuna nakala iliyoliziba.

Na kile kilichosalia ni kikavu. Mwandishi wa zamani aghalabu hakuandika zaidi ya siku na jina: siku fulani alizikwa John fulani. Umri wake hautajwi, wala kazi yake, wala jina la baba yake. Mwanamke huzikwa akiwa mke wa fulani, au mjane fulani, na jina lake mwenyewe huzikwa pamoja naye. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, kinyume cha hayo, huandikwa kwa ukamilifu, na mara nyingine pamoja na jina la mwanamume aliyetuhumiwa. Wino ulioadimika kwa wema ulikuwa tele kwa aibu. Hali ilikuwa bora baada ya tarehe 25 Machi 1754, sheria ya ndoa ya mwaka 1753 ilipoanza kufanya kazi, kwa kuwa tangu siku hiyo bwana arusi, bibi arusi na mashahidi walitakiwa kutia sahihi. Asiyejua kuandika alitia msalaba. Watu waliokwisha kusafiri mbali kwenda kutazama kurasa hizo wanajua kwamba msalaba wenye kutetemeka wa bibi wa bibi, uliochorwa asubuhi ya arusi yake, huweza kumshika mtu kooni kuliko jina lolote lililoandikwa vizuri.

Hatari kubwa ya kazi hii ni kumpata mtu haraka. Anayemtafuta John Smith hatamkosa. Atampata katika kila kijiji, na moyo wake utamchagua yule aliye karibu na nyumba kubwa. Akishamchagua, ameuunga uzao wake na damu ya watu wengine, na wajukuu wake wataheshimu kaburi lisilowahusu, na yule babu wa kweli atazidi kulala bila kukumbukwa. Hasara hiyo si ndogo. Mfano wa kuionyesha waweza kupatikana mahali pamoja, katika mji wa Stratford-upon-Avon.

Jina la William Shakespeare si geni kwa msomaji wa Kiswahili tangu Mwalimu Nyerere alipoifasiri tamthilia ya Julius Caesar mwaka 1963, lakini hapa tamthilia ziwekwe kando. Jamaa yake walikuwa watu wa kati, baba fundi wa glavu, mama binti wa mkulima mwenye ardhi. Na karatasi zao zimesomwa mara nyingi kuliko za jamaa nyingine yoyote ya cheo kile, hata makosa ya wasomaji nayo yamekuwa elimu. Daftari la Stratford laanza 1558. Septemba mwaka huo alibatizwa Joan binti John Shakespeare. Na Aprili 1569 akabatizwa Joan mwingine, binti wa John yule yule. Maziko ya Joan wa kwanza hayamo. Lakini desturi ya Waingereza ilikuwa kumpa mtoto jina la nduguye aliyekufa, na kwa hiyo ubatizo wa pili ndio cheti cha kifo cha wa kwanza. Tena wapo pacha wa William, Hamnet na Judith, waliobatizwa tarehe 2 Februari. Daftari lauhesabu mwezi huo katika mwaka 1584, na vitabu vya leo vyasema 1585, na pande zote mbili zasema kweli. Maana hadi mwaka 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi. Asiyelijua hilo atakuta mtoto aliyezikwa kabla ya kuzaliwa, au mama aliyejifungua kabla ya arusi, na atautukana ukoo usio na kosa.

Wasia una tabia nyingine. Daftari lataja kila mtu na halisemi kitu; wasia wataja wachache na husema mengi. Kabla ya mwaka 1858 kazi ya kuthibitisha wasia ilikuwa ya mahakama za kanisa, na ngazi zake zilikuwa nyingi, tangu mahakama ya shemasi mkuu hadi ya Askofu Mkuu. Marehemu aliyekuwa na mali ya kutosha katika dayosisi zaidi ya moja alipelekwa juu, katika mahakama za Canterbury au York. Hati za ile ya Canterbury, zaidi ya milioni moja, zimewekwa Kew, London, na za kwanza ni za mwaka 1384. Siku hizi picha zake huonekana popote penye intaneti, na madaftari ya parokia nayo yamehamishwa kwa wingi kutoka makanisani hadi nyumba za kumbukumbu za wilaya kwa kanuni ya kanisa ya mwaka 1978. Safari imekuwa fupi. Kusoma hakujawa rahisi. Mwandiko wa karani wa mwaka 1600 ni msitu, na programu ya kutafutia majina haiwezi kumpata mtu ambaye aliyenakili jina lake alilisoma vibaya.

Mwusia huanza kwa kumpa Mungu roho yake na kuupa uwanja wa kanisa mwili wake, kisha hushuka ghafula kwenye sufuria, vijiko, mashuka na ndama. Humo ndimo jamaa huonekana wakiwa hai: nani alipendwa, nani alidaiwa, nani alishukiwa kwamba atakula mali ya yatima. Lakini wasia nao huficha. Mke aliye na mume hakuweza kuusia pasipo idhini ya mumewe mpaka sheria ya mwaka 1882. Kwa hiyo sauti za wanawake humo ni za wajane na za wasioolewa. Mwana mkubwa mara nyingi hatajwi kabisa, kwa sababu ardhi ilikuwa yake tayari. Na aliyeachiwa shilingi moja huenda hakufukuzwa, bali alikwisha kulipwa fungu lake siku ya arusi. Katika jimbo la York, hadi 1692, mtu mwenye mke na watoto alikuwa na amri juu ya theluthi tu ya mali yake inayohamishika. Theluthi moja ilikuwa ya mke na nyingine ya watoto, asitake asitake. Wanafunzi wa fikihi wataitambua theluthi hiyo, ingawa chimbuko lake ni jingine.

Maneno ya udugu ndiyo yenye mtego zaidi. Shakespeare katika wasia wake wa 1616 amtaja Elizabeth Hall kwa neno ambalo Mwingereza wa leo hulitumia kwa binti wa ndugu yake. Na Elizabeth alikuwa mjukuu wake, binti wa Susanna, bintiye mkubwa. Mkwe huweza kuwa mtoto wa kambo, na ndugu huweza kuwa shemeji. Msomaji wa Kiswahili hatastaajabu, kwani lugha yake mwenyewe humwita ndugu mtu wa tumbo moja, wa kijiji kimoja na wa chama kimoja, na wasikilizaji hufahamu. Tatizo la wafu ni kwamba wasikilizaji wao nao wamekufa.

Sasa atazamwe mke wa Shakespeare. Jiwe la kaburi lake lasema kwamba alikufa tarehe 6 Agosti 1623, umri wake miaka 67. Basi alizaliwa karibu na mwaka 1556, kabla ya daftari la Stratford kuanza, na ubatizo wake haumo. Ndoa yake haimo katika daftari lolote lililosalia. Kilichopo ni hati ya dhamana ya pauni 40, ya tarehe 28 Novemba 1582, iliyowekwa kwa askofu wa Worcester na wakulima wawili wa Stratford, Fulke Sandells na John Richardson, ili William Shakespeare amwoe Anne Hathaway bila kutangazwa mara tatu kanisani. Haraka ilikuwa na sababu: Susanna alibatizwa Mei 1583. Lakini katika kitabu cha askofu, siku moja kabla ya dhamana, karani aliandika kwamba Shakespeare amepewa ruhusa ya kumwoa Anne Whateley wa Temple Grafton.

Juu ya neno hilo moja pamejengwa hekaya nzima. Wamepatikana waandishi waliomfanya Anne Whateley kuwa kipenzi cha kweli cha mshairi, bikira aliyeachwa kwa sababu mwanamke mwingine alikuwa mjamzito. Wamempa sura na tabia, na machozi pia. Hakuna daftari wala wasia umtajao tena. Lakini siku ile ile karani yule alikuwa ameshughulikia shauri la kasisi mmoja aitwaye William Whateley, na jina la Whateley lilikuwa bado katika kalamu yake. Wataalamu wengi wameona kwamba asili ya bibi huyo ni mkono uliochoka, na hukumu yao ni ya haki. Mwanamke asiyekuwako alipewa machozi, na yule aliyekuwako, aliyezaa watoto watatu na kumzika mmoja wao, akafanywa kizuizi.

Na huyo aliyekuwako nani? Hapa daftari halisemi, na wasia ndio wajibu. Mwaka 1581 mkulima mmoja wa Shottery, kijiji kilicho ubavuni mwa Stratford, aitwaye Richard Hathaway, aliandika wasia. Humo hakuna Anne. Yumo binti aitwaye Agnes, aliyeachiwa pauni 6, shilingi 13 na peni 4, alipwe siku ya arusi yake. Katika zama hizo Agnes na Anne yalikuwa karibu jina moja. Herufi ya g haikusikika, na mtu mmoja aliweza kuitwa yote mawili. Tena Sandells yumo katika wasia huo miongoni mwa waliopewa kuusimamia, na Richardson yumo miongoni mwa mashahidi. Ndio wale wale waliosimama Worcester mwaka uliofuata. Ni hoja nzuri. Lakini mtafutaji mwangalifu angesema kwamba wakulima wawili wa Stratford waweza kumdhamini binti wa mtu yeyote, na kwamba akina Hathaway walikuwa wengi.

Fundo lilifungwa na mtu ambaye hakuna aliyemtazamia. Katika madeni ya Richard Hathaway yametajwa pauni 4, shilingi 6 na peni 8 alizowiwa na mchunga kondoo wake, Thomas Whittington. Miaka 20 ikapita. Mwaka 1601 Whittington naye alikuwa anakufa, akaandika wasia wake, akawaachia maskini wa Stratford shilingi 40. Na fedha hizo, akasema, zimo mikononi mwa Anne Shakespeare, mke wa bwana William Shakespeare, naye anawiwa. Kama Anne alizikopa au aliwekewa amana, maneno yake hayapambanui. Linaloonekana ni kwamba mchungaji wa nyumba ya Hathaway aliendelea kuhesabiana fedha na mke wa Shakespeare kama mtu ahesabianavyo na binti wa bwana wake wa zamani. Agnes wa 1581 na Anne wa 1582 wakawa mtu mmoja kwa ushahidi wa mtu ambaye hakuwa akishuhudia nasaba, bali alikuwa akigawanya akiba yake.

Watu kama Whittington ni wachache katika hati za wasia, kwa kuwa maskini hakuwa na cha kuusia. Lakini si wachache kama adhaniavyo asiyezisoma, na si wote Waingereza wa kuzaliwa. Katika parokia ya Mtakatifu Botolph, Aldgate, London, alibatizwa mwaka 1597 Mary Fillis, mwanamke kijana mwenye asili ya Morocco. Katika kijiji cha Almondsbury, karibu na Bristol, mwaka 1625 iliandikwa orodha ya mali ya marehemu Cattelena, Mwafrika asiye na mume: kitanda, vyungu vidogo, vijiko, kitambaa cha meza, na kilichozidi vyote kwa thamani, ng'ombe mmoja. Maziwa ya ng'ombe huyo huenda ndiyo yaliyomlisha. Kinachojulikana juu yake ni hicho tu, nacho kinajulikana kwa sababu majirani walitakiwa na sheria kuvihesabu vijiko.

Wasia wa Shakespeare mwenyewe ni wa tarehe 25 Machi 1616, mwezi mmoja kabla ya maziko yake. Maneno yaliyotangazwa sana ni yale yaliyoongezwa kati ya mistari, yampayo mkewe kitanda cha pili kwa ubora, na wingi wa magomvi juu ya kitanda hicho umewachosha hata wagomvi. Kuna mahali pengine panapostahili kutazamwa kuliko hapo. Karibu mali yote alipewa Susanna, kisha mwana wa kwanza wa Susanna, kisha wa pili, wa tatu, hata wa saba, kila mmoja na wazawa wake wa kiume. Wanaume hao saba hawakuzaliwa hata mmoja. Susanna alikuwa na Elizabeth tu, na Elizabeth akafa mwaka 1670 bila mtoto. Hamnet alikuwa amezikwa tangu Agosti 1596. Judith alizaa wana watatu. Mmoja akafa mchanga mwaka 1617, na wawili wakazikwa mwaka 1639. Uzao wa mwusia ukaisha.

Alibaki dada yake, yule Joan wa pili wa mwaka 1569, aliyeolewa na William Hart, mtengeneza kofia. Huyo aliachiwa pauni 20, nguo za kaka yake, na haki ya kukaa katika nyumba ya Henley Street maisha yake yote kwa kodi ya peni 12 kwa mwaka. Wanawe watatu waliachiwa pauni 5 kila mmoja, na karani akaanza kuwataja: William Hart, kisha nafasi tupu mbele ya neno Hart, kisha Michael Hart. Mjomba hakulikumbuka jina la wa kati, au hapakuwa na mtu chumbani wa kumkumbusha, na nafasi ile haikujazwa kamwe. Daftari la parokia ndilo linalo jina hilo: Thomas, aliyebatizwa mwaka 1605. Michael alikufa mwaka 1618. William alikuwa mcheza michezo ya jukwaani, akafa mwaka 1639. Thomas alioa, akazaa Thomas na George. Na Elizabeth, mjukuu wa mwisho, katika wasia wake wa 1670 aliwaachia hao wawili nyumba za Henley Street. Wazawa wa George walikaa nazo mpaka zilipouzwa mwaka 1806, na wengine miongoni mwao wangali hai hata leo.